Kazi Tele, Ajira Chache: Mhitimu wa Sheria na Milango ya Haki Jinai

Oktoba 2022 Shule ya Sheria Tanzania ilitoa matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa masomoni. Kwa lugha ya wanafunzi, wale 342 walipata sapu na wale 265 walidisko. Lawama zikatafuta pa kutua. Wapo waliosema vyuo vikuu vinafundisha ovyo, wapo waliosema shule inakomoa watu, wapo waliowatupia lawama vijana wenyewe. Dk. Damas Ndumbaro, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo.

Kelele zile zilihusu mlango wa kuingilia: nani apite, nani azuiwe. Mlango wa kutokea haukupata wasemaji. Anayemaliza shahada ya sheria na mafunzo ya vitendo, akataka kufanya kazi ya jinai upande wa umma, yaani kuendesha mashtaka, kuhukumu au kuwatetea wasio na uwezo, anakwenda wapi? Hapo mkanganyiko ungalipo. Mzazi huambiwa na jirani kwamba wanasheria wamejaa mtaani, wengine wanaendesha bodaboda na shahada zao ziko sandukuni. Jioni ileile anasikia redioni kwamba kesi zinachelewa, mahabusu wamefurika na wanyonge wanakosa wa kuwasemea. Mtoto wake asome sheria au asisome?

Kauli zote mbili ni za kweli, wala hazigombani. Kiswahili chetu kinatofautisha kazi na ajira. Kazi ni shughuli inayosubiri kufanywa. Ajira ni kazi iliyopata mtu wa kuilipia. Katika haki jinai ya Tanzania kazi ni tele na ajira ni chache, na anayeamua upana wa pengo hilo ni mlipaji mmoja, Serikali. Uchambuzi huu unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka na mahakama zake hadi ngazi ya Mahakama Kuu.

Tulikotoka

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15. Nchi iliyokuwa inazaliwa ilihitaji mahakimu, waendesha mashtaka na wanasheria wa wizara waliotoka ndani yake yenyewe. Mhitimu wa sheria wa zama zile alikuwa bidhaa adimu. Dola ndiyo iliyomsomesha, dola ndiyo iliyomwajiri, na kiti chake kilikuwa tayari kabla hajavua joho la mahafali.

Hesabu ilibadilika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyuo binafsi vilichipua, vya umma vikaongezwa, na shahada ya sheria ikaanza kutolewa Mzumbe, Iringa, Mwanza, Dodoma, Chuo Kikuu Huria na kwingineko. Sababu ilikuwa ya mfukoni zaidi kuliko ya kitaaluma. Kozi ya udaktari inadai maabara na hospitali, ya uhandisi inadai karakana. Ya sheria inaweza kuanza na ukumbi, maktaba na wahadhiri wachache, baadhi yao wakiwa wa muda. Mwanafunzi naye huvutwa na heshima ya jina, na familia hufurahia kumwita mtoto wao wakili hata kabla hajaapishwa. Chuo kilipata ada na familia ikapata sifa, lakini idadi ya viti mahakamani haikuwa sehemu ya hesabu ya yeyote.

Chujio nalo likabadilishwa. Zamani mhitimu alipitia mafunzo ya kazini chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda Shule ya Sheria, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008. Wingi wa vyuo vyote hivyo ukaelekezwa kwenye tundu moja la sindano. Matokeo ya 2022 yaliwashangaza wengi, lakini msongamano wenyewe ulikuwa umejengwa kwa takriban miaka 15.

Upande wa mashtaka ulikuwa na historia yake. Kwa miongo mingi kesi za jinai katika mahakama za chini ziliendeshwa na polisi. Mkaguzi wa polisi alisimama mbele ya hakimu, jalada mkononi, akiendesha kesi ambayo mwenzake wa chumba cha pili ndiye aliyeipeleleza. Mawakili wa Serikali walionekana zaidi Mahakama Kuu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ibara yake, ya 59B. Mwaka 2008 ikaja sheria ya huduma ya taifa ya mashtaka, ikiwa na lengo la kumtenganisha anayepeleleza na anayeshtaki. Februari 2018 Rais John Magufuli akaifanya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kuwa taasisi inayojitegemea, nje ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Tangu hapo imekuwa ikisogeza huduma zake hadi wilayani, na matumaini ya wahitimu wengi wa leo yanatokana na safari hiyo.

Milango ilivyo

Mlango wa kwanza ni huohuo wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambako kijana huanzia Wakili wa Serikali Daraja la II. Wa pili ni Mahakama, anakoingia kama Hakimu Mkazi, akiajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa miaka mingi matangazo ya nafasi zote mbili yametaja shahada ya sheria pamoja na mafunzo ya Shule ya Sheria, na ndiyo maana matokeo ya 2022 hayakuwahusu tu wanaotaka uwakili wa kujitegemea.

Ipo pia milango ya pembeni, ambayo watu huisahau. TAKUKURU huajiri wanasheria pamoja na wahasibu na wahandisi kuwa maofisa uchunguzi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Uhamiaji, Mamlaka ya Mapato na taasisi za wanyamapori zote zina kesi za jinai zinazozaliwa mikononi mwao, na Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuwateua maofisa wao kuendesha mashtaka kwa niaba yake. Polisi na Magereza nao huchukua wenye shahada. Milango hii ina masharti yake, mara nyingi mafunzo ya JKT na ukomo wa umri. Kijana aliyekaa miaka mitatu akirudia sapu anaweza kufika akiwa na cheti kamili na umri uliopita.

Namna milango hii inavyofunguliwa ndiyo kiini cha tatizo, na wengi hawaielewi. Ofisi haiajiri kwa kuwa imezidiwa na majalada. Inaandaa ikama, yaani hesabu ya nafasi inazohitaji, inaomba kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma, na kibali hicho kinategemea bajeti ya mishahara. Ndipo tangazo hutokea, mara nyingi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, waombaji wanamiminika, wanafanya usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano. Aliyefaulu bila kupata nafasi jina lake huingizwa kwenye kanzidata, akisubiri kuitwa. Katika kugawana vibali, walimu na watumishi wa afya hutangulizwa, na ni vigumu kuulaumu mpangilio huo. Darasa lisilo na mwalimu linaonekana kwa macho ya kila mzazi, lakini mshtakiwa aliyeahirishiwa kesi mara kumi na moja haonekani ila na ndugu zake.

Mfumo wa vibali una hatari nyingine: ukisimama, foleni haisimami. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Sababu ilikuwa na uzito wake, ila vyuo havikusitisha mahafali. Waliohitimu wakati huo walikuja kugombea nafasi zilezile pamoja na wadogo zao waliowafuata.

Kauli ya kwanza: wamezidi

Kuhusu pengo hilo la kazi na ajira husikika kauli nne. Wanaosema wanasheria wamezidi wana hoja isiyopuuzwa. Orodha ya mawakili walioapishwa imeshavuka namba 10,000, na tangazo moja la nafasi chache za Wakili wa Serikali huvuta waombaji wengi kupita kiasi. Wanapendekeza vyuo vipunguze udahili au wanafunzi wachujwe mapema, kabla ya kupoteza miaka minne ya shahada na fedha za mkopo. Kwa mtu mmoja mmoja ni ushauri wa busara. Asiyependa kusoma hukumu ndefu na kusimama kortini asipotezewe muda.

Kwa nchi nzima hoja hiyo inapwaya. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ukigawa kwa mawakili 10,000, tena kwa kujidanganya kwamba wote wanafanya kazi hiyo, unapata wakili mmoja kwa kila watu zaidi ya 6,000. Nao wamesongamana Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Ziada iliyopo ni ya mijini, na ni ziada mbele ya wateja wenye uwezo wa kulipa. Huwezi kusema maji yamezidi kwa sababu tu bomba lako moja limefurika.

Kauli ya pili: hawajaiva

Hoja ya ubora, kwamba wahitimu hawajaiva, ni fupi kuieleza na ngumu kuikwepa. Kuendesha kesi ya jinai ni ufundi. Unatakiwa kuandika hati ya mashtaka isiyovuja, kumwongoza shahidi bila kumlisha maneno, na kuonyesha kielelezo kilipita mikono ya nani tangu kilipokamatwa mpaka kilipowekwa mezani kwa hakimu. Makosa katika mambo hayo hayafi mahakama ya chini. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi ya kesi na kuamuru zisikilizwe upya, au kumwachia mfungwa, kwa sababu ya hati mbovu au utaratibu uliorukwa.

Mabadiliko ya sheria yameongeza uzito. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mashtaka na mshtakiwa, jambo linalodai mwanasheria anayeweza kupima nguvu ya ushahidi wake kabla ya kesi kuanza. Marekebisho ya 2022 yanataka upelelezi ukamilike kwanza ndipo kesi nyingi zifunguliwe, isipokuwa kwa makosa mazito yaliyoachwa nje. Mwendesha mashtaka sasa anahitajika tangu jalada likiwa changa. Halafu lipo la lugha. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, ilhali shahada ya sheria imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mhitimu anayeijua kanuni ya ushahidi kwa lugha moja tu hujikuta akibabaika mbele ya shahidi aliyetoka shambani.

Udhaifu wa kauli hii ni kwamba haielezi foleni. Hata wahitimu wote wangeiva kama machungwa ya Muheza, vibali visingeongezeka kwa sababu hiyo. Ubora unaamua nani ashinde usaili. Idadi ya viti inaamuliwa kwingine.

Kauli ya tatu: Serikali iajiri

Hii ndiyo kauli inayopendwa na wahitimu wenyewe, nayo inastahili kupimwa kwa hesabu. Azma ya kuwaondoa polisi kwenye uendeshaji mashtaka ilitangazwa kisheria mwaka 2008, na utekelezaji umekwenda hatua kwa hatua. Kwa nini hatua kwa hatua? Jibu jepesi ni uzembe. Jibu la kweli limo kwenye mishahara.

Mkaguzi wa polisi anayeendesha mashtaka tayari analipwa kupitia bajeti ya Jeshi la Polisi. Ukimwondoa kortini, mshahara wake haumfuati Wakili wa Serikali anayechukua nafasi yake. Polisi watampangia kazi nyingine, na Hazina italipa wawili badala ya mmoja. Ongeza ofisi, gari la kufikia mahakama za pembezoni, kompyuta, na posho za mashahidi. Wakili wa Serikali bila vitu hivyo ni jina kwenye karatasi. Polisi, kwa upande wake, ana kituo kila mahali, anaijua njia ya kijijini kwa shahidi na anajua simu ya mtendaji wa kata. Anayepigania mageuzi akayapuuza haya anapigania nusu ya jambo.

Hata hivyo faida za kutenganisha kazi hizo ni kubwa kuliko gharama. Aliyekamata na kuhoji huwa amekwisha kuamini kwamba mtuhumiwa ana hatia. Ni vigumu yeye au mwenzake wa ofisi moja kulisoma jalada kwa jicho baridi na kusema hapa hakuna kesi. Mwanasheria asiyewajibika kwa mkuu wa kituo anaweza. Jalada bovu likizuiwa mapema, mahabusu hupungua na hakimu hupata nafasi. Tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake Julai 2023 na kupendekeza hata upelelezi wenyewe uwe na chombo chake huru. Mwelekeo wa nchi, basi, ni wa kutenganisha zaidi.

Lakini tufanye hesabu moja ambayo wapiganiaji wa kauli hii hawaipendi. Tanzania Bara ina wilaya 139. Tuseme Hazina imekuwa karimu na kila wilaya imepata Mawakili wa Serikali wapya wanne kwa mara moja. Hao ni 556, pungufu ya watahiniwa 633 wa tangazo lile moja la Oktoba 2022. Ajira hiyo ya ndoto isingemaliza hata mkupuo mmoja wa Shule ya Sheria, na shule hiyo imepokea mikupuo mingi tangu 2008. Mwaka wa pili foleni ingeanza upya, na waliokaa vitini wangekuwa na miaka 30 mbele yao kabla ya kustaafu.

Mahakama ina mantiki hiyohiyo. Vituo jumuishi sita vya utoaji haki vilivyozinduliwa 2021 na kupandishwa hadhi kwa mahakimu wa mahakama za mwanzo vimeongeza nafasi kwa wenye shahada, nao wakishakaa, wamekaa.

Kauli ya nne: wajiajiri

Viongozi wanapokosa jibu huwaambia vijana wajiajiri. Kwa mwanasheria wa jinai ushauri huu una uzito zaidi kidogo kuliko kwa wengine. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Marekebisho ya 2021 yamewafungulia mlango pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi, na mahakama ya mwanzo ndiyo inayomgusa mwananchi wa kawaida kuliko nyingine yoyote. Eneo hilo lilikuwa limeachiwa vishoka, wale wanaoshinda chini ya mwarobaini nje ya uzio wa mahakama, wakiandika hati za rufaa kwa elfu chache bila leseni wala joho. Wakili kijana aliye tayari kuondoka Dar es Salaam na kuweka ofisi Kasulu, Nzega au Masasi atapata watu wanaomhitaji.

Kuhitajiwa na kulipwa ni mambo mawili, na hapo ushauri unagonga mwamba. Wateja wa jinai ni maskini kuliko wateja wa mikataba na ardhi, na kesi ya jinai yenyewe huwafilisi zaidi, maana mara nyingi aliye ndani ndiye mleta posho. Mwanzoni wakili huyu anaishi kwa kuthibitisha nyaraka kwa muhuri wake na kuandika mikataba ya viwanja. Akiteuliwa na mahakama kumtetea mshtakiwa wa mauaji, malipo ni madogo na huchelewa. Wengi huanza na moyo wa jinai na kuishia kwenye mirathi na ardhi. Wanafuata mkate, na hakuna haki ya kuwacheka.

Upande wa kizimba usio na mlipaji

Kauli zote nne zina upofu mmoja: zinapozungumzia ajira ya umma katika jinai, zinawaza kushtaki na kuhukumu. Utetezi haumo. Msomaji aingie katika mahakama yoyote ya wilaya Jumatatu asubuhi atazame. Hakimu analipwa kwa kodi, mwendesha mashtaka na mpelelezi kadhalika, na askari magereza aliyemleta mshtakiwa pia. Mwanasheria wa mshtakiwa, kama yupo, amelipwa na familia iliyouza ng'ombe. Mara nyingi hayupo.

Katika kesi za mauaji na uhaini Mahakama Kuu, desturi ya kumpa mshtakiwa wakili kwa gharama za umma ni ya siku nyingi, tangu sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai ya 1969. Chini ya Mahakama Kuu hali ni tofauti. Unyang'anyi wa kutumia silaha husikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Ubakaji nao unaweza kumpeleka mtu jela miaka 30 au maisha. Washtakiwa wengi wa makosa haya hujitetea wenyewe, wakitakiwa kumhoji daktari juu ya fomu ya polisi na mpelelezi juu ya gwaride la utambulisho. Hukumu za rufaa zimejaa watu waliofika mpaka Mahakama ya Rufani wakiwa bado hawana wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipanua wigo. Inamruhusu jaji au hakimu kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada pale haki inapodai, na imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imezunguka mikoani na kufanya jambo jema. Hata hivyo kampeni hupita, na mzigo wa kila siku umebaki kwa mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, yanayotegemea sana wafadhili, na kwa mawakili wanaojitolea. Tanzania haina ofisi ya umma ya mawakili watetezi wanaolipwa mshahara. Mhitimu anayetaka kuwa mtetezi wa jinai kwa kazi ya kudumu ya umma hana tangazo la kusubiri.

Haya si maumbile. Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya msaada wa kisheria mwaka uleule wa 1969, chini ya ubaguzi wa rangi, lakini leo taasisi yake ya msaada wa kisheria ina mawakili waajiriwa wanaosimama mahakamani kila siku, na huwachukua wahitimu kama mawakili wanafunzi chini ya usimamizi. Hapo chombo kimoja kinafunza vijana, kinawaajiri na kumpa maskini mtetezi. Kenya nayo iliunda huduma yake ya taifa kwa sheria ya 2016.

Pingamizi zipo, tena nzito. Serikali kulipa pande zote mbili huzua shaka: mtetezi atathubutu kumbana mpelelezi ilhali mshahara wao unatoka mfuko mmoja? Swali hilo linajibika, kwa kuwa jaji naye hulipwa na mfuko huohuo na hatumwambii ni kibaraka. Kinachohitajika ni bodi inayojitegemea na bajeti isiyopita kwa waendesha mashtaka. Pingamizi la pili ni kwamba kuwapa wahitimu wapya kesi za wanyonge ni kumgeuza maskini kichwa cha kujifunzia unyozi. Ni kweli iwapo hakuna msimamizi. Pingamizi la tatu, la fedha, ndilo lenye meno. Ila gharama za sasa nazo zihesabiwe: chakula cha mahabusu anayekaa miaka miwili kwa kesi ambayo wakili angeiangusha kwa pingamizi la awali, nauli za mashahidi kwa kesi inayoahirishwa, na kesi nzima kuanza upya kwa agizo la rufaa. Fedha hiyo tunailipa tayari, ila kwa vifungu vingine vya bajeti.

Mizani

Nikiwekewa kauli hizo mezani, naipa kila moja haki yake na hakuna ninayoichukua nzima. Kupunguza udahili kutafupisha foleni bila kumpa mshtakiwa wa Nzega wakili. Ubora ni sharti la lazima, ila hautengenezi kiti. Kuwaondoa polisi kwenye mashtaka kuendelee, na kuharakishwe, ingawa tukijua kwamba kutanufaisha kizazi kimoja cha wahitimu kisha kusimama. Kujiajiri wilayani kunawezekana kwa mwenye mtaji wa kuvumilia miaka mitatu ya mwanzo. Asiye nao atashindwa na kodi ya pango kabla ya kushindwa na sheria. Eneo pekee lenye kazi kubwa ambayo hadi sasa haijageuzwa ajira ni utetezi. Mjadala wowote wa ajira kwa wanasheria wa jinai unaoliruka eneo hilo unagawana ugali wa jana.

Kwa kijana aliye mwaka wa tatu sasa, ukweli ni huu. Asitegemee tangazo moja. Aombe Ofisi ya Mashtaka na Mahakama, na pia taasisi za uchunguzi, ambako anayejua kusoma taarifa za benki, sheria ya utakatishaji fedha na ushahidi wa kielektroniki anawazidi wenzake wengi wenye alama nzuri. Ajifunze kuandaa hati ya mashtaka na hoja za rufaa kwa Kiswahili safi, maana huko ndiko mahakama zinakoelekea na wachache wamejiandaa. Apige hesabu ya umri kabla ya kuamua kurudia masomo. Asiyeweza kukaa miaka miwili au mitatu bila kipato baada ya mafunzo, ajue mapema kwamba jinai ya umma itamtesa.

Kwa Wizara ya Katiba na Sheria, ombi ni dogo na linapimika. Itenge fungu la majaribio kwa wilaya kumi, mwaka mmoja wa fedha, mawakili watetezi wawili kila wilaya chini ya msimamizi mzoefu wa mkoa, wakianza na kesi za unyang'anyi wa silaha na makosa mengine yenye kifungo cha miaka 30. Zihesabiwe siku ambazo washtakiwa wanakaa mahabusu na idadi ya kesi zinazorudishwa na rufaa, kisha zilinganishwe na wilaya kumi za jirani. Hao ni mawakili 20 tu.